Mkono wa Kushoto

Senanga, 12 Februari 2012

Mama Mdogo Namakau,

Nimepiga magoti mbele yako, nakupigia makofi ya salamu, na mwambie Bibi kwamba na yeye nampigia yake. Sisi wa bweni tuko wazima. Mama alikuja kunitazama, akaniletea korosho na sabuni, akasema mdogo wangu ameota meno mawili ya mbele na sasa anang'ata kila kitu, hata mbuzi. Hapa mvua haikatiki. Huko Kalabo najua mmeshazungukwa na maji, kwa hiyo barua hii nampa dereva wa boti la posta nikiwa sina hakika itafika lini. Simu haturuhusiwi, si unajua.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Kwako naandika vizuri kuliko ninavyosema. Nikiwa mbele ya watu ulimi wangu unakuwa kama umepakwa majivu, na kwa Kiingereza ndiyo kabisa.

Mwalimu wetu wa hesabu ni Bo Lubinda, na hilo Bo la heshima hata wakubwa hawalisahau. Wewe kama mwalimu lazima umemsikia. Mkoa mzima unamtaja, wanaleta walimu kwa gari kuja kukaa nyuma ya darasa letu wamwangalie akifundisha, halafu wanakwenda kufundisha hivyo hivyo shuleni kwao. Wanaliita somo la maonyesho. Akiuliza swali, darasa zima mikono juu. Hakuna hata mmoja chini. Wageni wanatazamana, wanatikisa vichwa, wanaandika.

Mama Mdogo, ni uongo. Siku moja kabla ya wageni alifunga mlango akasema, "Sikilizeni, wanangu. Kesho hakuna mkono utakaolala. Anayejua, ainue wa kulia. Asiyejua, ainue wa kushoto. Mkono ni mkono, mgeni hatakuja kuhesabu vidole." Tukacheka. Yeye mwenyewe akacheka. Na kesho yake akawa anachagua wa kulia tu, na kila aliyechaguliwa akapata.

Na hii ndiyo aibu yangu. Mimi huwa najua jibu. Karibu kila mara. Lakini nainua wa kushoto, ili asinichague. Tangu alipotupa ule ujanja nimekuwa na amani ambayo sijawahi kuwa nayo darasani. Wengine wanadanganya wageni. Mimi namdanganya na yeye.

Usimwambie mtu. Tafadhali.

Mwanao asiyesema,
Nasilele


Kalabo, 9 Machi 2012

Mwanangu Nasi,

Makofi yako yamefika yakiwa yamelowa, dereva wa boti alikalia mfuko wa posta njia nzima. Bibi yako anacheka akisikia umemwamkia kwa magoti, anasema hata ukiwa hapa hapa hupigi magoti mpaka usukumwe. Mguu wake bado unavimba jioni. Maji yamefika kwenye ngazi ya nyumba ya mwalimu mkuu. Tunakula samaki mpaka paka amechoka.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko unavyodhani.

Bo Lubinda namfahamu. Novemba iliyopita nilikuwa Mongu kwenye mkutano wa walimu wa mkoa, na yeye alifundisha mbele yetu. Walileta watoto kutoka kwenu, nadhani wakati ule wewe ulikuwa bado darasa la saba. Nilikaa nyuma na walimu wenzangu. Aliuliza swali, mikono ikapanda kama mabua. Mwalimu aliyekuwa karibu nami alisema, "Ndugu yangu, sisi tumekuwa tukichunga mbuzi." Nilirudi Kalabo nikiwa na hamu kama mwanafunzi. Nikapanga madawati kama yake, nikauliza maswali kama yake, hata sauti nikaishusha kama yake. Darasani kwangu ikainuka mikono mitatu, na mmoja ulikuwa wa mtoto anayeomba kwenda msalani.

Nataka kukuuliza. Huo mkono wa kushoto, ni ninyi tu, au na wale wa mwaka jana waliokuja Mongu? Anautumia kila mara, au akija mgeni tu? Na wale walimu wengine wa shule yenu wanajua?

Nijibu upesi kabla boti halijaacha kuja.

Korosho usigawe zote.

Mama Mdogo


Senanga, 2 Juni 2012

Mama Mdogo,

Shikamoo nyingi, na pole kwa kukaa kimya. Likizo nilikwenda kwa baba mkubwa Sesheke, na barua yako nilikuta imelala ofisini. Natumaini mguu wa Bibi umepungua. Mama anauliza kama ule mkeka aliokuagiza umekwisha kusukwa. Mdogo wangu sasa anatembea, akianguka anatazama nani kamwona kabla ya kulia.

Hukuniambia kama utamwambia mtu au hutamwambia. Niliisoma barua yako yote nikitafuta neno hilo, sikulikuta. Nilikuta maswali tu.

Wiki iliyopita wageni walikuja tena. Walikuwa walimu wengi na afisa wa elimu mwenye suti ya kijivu. Somo lilikuwa kugawa sehemu kwa sehemu. Robo tatu igawanywe kwa moja ya nane. Bo Lubinda aliuliza, mikono yote ikapanda, na alipokuwa anataka kumchagua mwenzetu Likezo, mwanamke mmoja akasimama kule nyuma. Sketi yake ilikuwa na matope ya mtoni mpaka magotini.

Akasema kwa adabu sana, "Samahani, mwalimu. Leo naomba umchague mtoto aliyeinua mkono wa kushoto."

Bo Lubinda alishika chaki kama anashika ukingo wa mtumbwi. Akachagua mtoto mmoja wa kushoto. Mtoto yule akajibu, na akapata. Walimu wakapiga makofi. Mwanamke yule akaketi, akainamisha uso, na afisa akamtazama vibaya.

Sasa Bo Lubinda anajua kuna mtu ametoa siri. Hapigi, hapayuki. Anafanya jambo baya zaidi, anatutazama mmoja mmoja. Amemshuku Likezo kwa sababu mjomba wake anafanya kazi ofisi ya elimu. Amemhamishia dawati la mbele peke yake. Bwenini wanamwita Redio. "Redio, leo taarifa ya habari saa ngapi?" Likezo anaapa kwa kaburi la babu yake, wanamwambia, "Babu yako naye alikuwa redio."

Mgeni yule anaitwa Bo Mbuywana. Nilisikia wakimwita wakati wa chakula. Ametoka Kalabo.

Unamjua?

Nasilele


Kalabo, 30 Juni 2012

Nasi,

Salamu zako zimefika. Bibi hajambo. Mkeka umekwisha, nitamtumia mama yako akipatikana mtu wa kuubeba. Maji yamerudi mtoni, sasa tumebaki na mchanga na mbu. Ng'ombe wa jirani ameingia shamba letu la mihogo, tumesameheana lakini hatusalimiani.

Hapa shuleni nimeandikiwa kwamba darasa langu halishiriki. Ndivyo walivyoandika. Afisa wa suti ya kijivu, nadhani ndiye yule uliyemwona, ametembelea shule zote zilizohudhuria Mongu, kuona nani ameiga na nani hakuiga. Kwangu aliona mikono mitatu. Kama mpaka mwisho wa Septemba hakuna mabadiliko, nitatolewa darasani nipelekwe kutunza chumba cha vitabu. Miaka yangu yote hii ya chaki, Nasi, nikahesabu vitabu vinavyoliwa na mchwa.

Hili si lako kulibeba, nimeandika tu.

Nasikia mtoto aliyejibu siku ile ni msichana mrefu, mwembamba, aliyekaa dirishani. Wewe siku hizi unakaa wapi darasani?

Na nasikia alijibu bila kusita, kama mtu aliyeandaliwa. Huenda mwalimu alipata habari mapema kwamba ataulizwa hivyo. Watu wanapeleka habari huku na huku. Sisemi ni nani.

Kula vizuri.

Namakau


Senanga, 21 Julai 2012

Mama Mdogo,

Safari hii umeweka sahihi kwa jina lako tupu, kama unamwandikia karani. Nimeliona. Kila kitu nakiona, ndiyo kazi ya wasiosema.

Ni mimi. Nakaa dirishani, nafasi ile ile. Ni mimi niliyejibu. Sikukuandikia kwa sababu niliogopa utafikiri hivyo hivyo unavyofikiri.

Hakuna aliyeniandaa. Nani angeniandaa? Nilikuambia mimi mwenyewe, kwenye barua ya kwanza, kwamba najua jibu na nainua wa kushoto. Ulikariri yote, hilo moja ukaliruka. Mikono ya kushoto ilikuwa mingi, na Bo Lubinda akanichagua mimi, nadhani kwa sababu alitaka mtu ambaye akinyamaza itaonekana ni haya tu. Niliposimama nilijua wazi, nikinyamaza ataumbuka, nikijibu ataokoka. Nilitaka kunyamaza. Kunyamaza ndiyo kitu ninachokiweza! Lakini afisa alikuwa amemkazia macho Bo Lubinda, na jibu likanitoka lenyewe. "Tunaigeuza ya pili juu chini, tunazidisha. Sita." Kwa Kiingereza, Mama Mdogo. Mbele ya watu wote wale. Mara yangu ya kwanza, na ilikuwa kusaidia uongo.

Na bora nimalize. Hata jibu lenyewe nililisema kama kasuku. Najua sehemu ya pili inageuzwa. Kwa nini inageuzwa, sijui. Hapa hakuna anayejua, nimewauliza kimya kimya wale wanaopata alama zote. Wanasema, "Geuza tu, wewe unataka kuolewa na hesabu?"

Sasa na wewe niambie. Nilikuuliza kama unamjua Bo Mbuywana, ukanijibu habari za ng'ombe wa jirani. Nilikuomba usimwambie mtu, ukanijibu korosho. Mwanamke ametoka Kalabo, na siri ile niliiandika Kalabo. Kwa mtu mmoja.

Kwa hiyo kuna kitu nimekifanya bila kukuuliza. Nilimwita Likezo nyuma ya jiko nikamwambia ni mimi niliyetoa siri, kwa barua, kwa ndugu yangu. Nilidhani atanipiga. Alinitazama weee, halafu akasema, "Wewe? Wewe ambaye hata ukikanyagwa unasema asante? Hebu ondoka hapa." Hakuamini. Nikamwambia nitakwenda kwa Bo Lubinda. Akasema, "Kasema nini huyu! Ukifika mlangoni kwake utazimia, halafu nitakubeba mimi." Na kweli nilifika mlangoni, nikarudi. Kwa hiyo bado anaitwa Redio na mimi bado naitwa mtoto mzuri.

Septemba darasa letu linapelekwa Mongu, kwenye mkutano wa mkoa. Walimu wa wilaya zote watakuwepo. Somo ni lile lile, kugawa sehemu. Bo Lubinda amesema mikono itakuwa ile ile, ila upande umebadilika. Sasa wa kushoto ni anayejua. Amewakomoa wageni.

Sijui kwa nini nakuandikia hili tena. Labda nataka kuona litafika wapi.

Nasilele


Kalabo, 25 Agosti 2012

Mwanangu,

Barua yako nilikaa nayo. Boti halikuchelewa, nilichelewa mimi.

Ndiyo. Nilimwambia Mbuywana. Tunafundisha shule moja, alikuwa anakuja huko na mimi sikupata nafasi. Sikumpa barua yako wala jina lako. Nilimwambia, "Omba mkono wa kushoto, utaona." Nilijiona kwanza mimi, Nasi, wewe nilikuona baadaye. Usiku wa Novemba ule niliporudi kutoka Mongu nilikuwa nimejidharau, na niliposoma barua yako sikufikiri mtoto wangu ameniamini. Nilifikiri, kumbe si mimi mjinga. Nilifurahi. Hiyo ndiyo sehemu mbaya.

Halafu mtoto akajibu, Mbuywana akarudi amevunjika moyo, ofisi inamwona mchochezi, na mimi nikakushuku wewe kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kumtazama usoni.

Nitakuwa Mongu. Nimeitwa nikae nyuma, nijifunze tena. Hayo ya upande kubadilika sijamwambia mtu, hata Mbuywana, na sitamwambia. Sikuombi uinue mkono wowote, wala usiinue. Fanya lililo lako.

Bibi anakusalimu. Hajui kitu.

Mama yako Mdogo


Senanga, 24 Septemba 2012

Mama Mdogo wangu,

Nakuandikia kana kwamba hukuwepo, kwa sababu tulitazamana kutoka pande mbili za ukumbi na hatukusalimiana, na nilipotoka kukutafuta wakasema lori la Kalabo limeshaondoka. Makofi niliyotaka kukupigia nimerudi nayo.

Nataka ujue nilichokiona kutoka upande wangu, na halafu nina swali.

Nilikuona tangu tulipoingia. Umevaa kitambaa cha bluu, umekaa karibu na afisa wa suti ya kijivu, umekaza shingo. Nikasema moyoni, ameshamwambia mtu. Amekuja kutazama mtego ukifyatuka. Nisamehe, lakini ndivyo nilivyowaza. Kila mwalimu aliyekohoa kule nyuma nilidhani ndiye anayesimama.

Hakusimama mtu. Bo Lubinda akaandika robo tatu gawanya kwa moja ya nane. Akauliza. Mikono ikapanda yote. Likezo aliinua wa kushoto juu kabisa, maana anataka kusamehewa. Mimi mkono ulikuwa mzito kama ndoo. Nikainua wa kulia. Kwa mpango mpya maana yake sijui.

Halafu nikafanya kitu ambacho sijui nilikipata wapi. Sikusubiri kuchaguliwa. Nikasimama.

Bo Lubinda akanitazama kama hajawahi kuniona. "Nasilele. Unalo jibu?"

Nikasema, "Jibu ni sita, mwalimu. Ila sijui kwa nini tunaigeuza ya pili."

Akatabasamu kwa ajili ya wageni. "Tunaigeuza kwa sababu ndiyo kanuni."

Nilitakiwa kukaa. Na ndipo Likezo, ambaye kwa miezi yote hii darasani hajafungua kinywa ila kuapa, akageuka kwenye kiti akasema kwa sauti, "Kanuni ya nani, mwalimu?"

Ukumbi ukacheka. Walimu walicheka, watoto walicheka. Bo Lubinda hakucheka. Alitazama ubao. Alitazama muda mrefu mpaka kicheko kikaisha chenyewe na kikaacha aibu. Kisha akageukia huko nyuma mliko, akasema taratibu, "Walimu wenzangu. Nani atamsaidia mtoto huyu?"

Wewe ulikuwepo, unajua. Walimu wa wilaya zote. Wakawa wanatafuta kalamu zilizoanguka. Afisa akawa anafuta miwani.

Na hapo, Mama Mdogo, uliinua mkono wa kushoto.

Wakubwa hawakuelewa. Najua hawakuelewa, kwa sababu afisa alikuambia, "Haya, bibie, sema." Ulikaa tu na mkono juu. Lakini sisi! Darasa zima lilivuta pumzi kwa pamoja. Mwaka mzima wa kushoto ulikuwa wa asiyejua, huo mpya tulikuwa hatujauzoea, hakuna aliyeufikiria. Likezo alinifinya mpaka leo nina alama.

Bo Lubinda aliutazama mkono wako. Nilidhani atakasirika. Alikuwa ameshika chaki mkono wa kulia. Akaihamishia kushoto, akauinua mkono huo, chaki ikiwa ndani yake. Alisimama hivyo mbele ya mkoa wote, na wewe nyuma, mmeinua mikono kama watu wawili wanaoitana ng'ambo ya mto.

Halafu mwalimu mmoja mzee wa Lukulu akainua wake. Nadhani aliiga tu, hakujua maana. Wengine wakafuata.

Baada ya hapo wewe uliondoka na lori, maana lilikuwa halingoji mtu. Hukuona. Wageni waliacha kukaa nyuma. Walikuja mbele, wakachana karatasi, wakachora miwa na vipande vya samaki, wakabishana na sisi na wao kwa wao, mwalimu mmoja akamwambia mwenzake, "Hiyo si robo, hiyo ni choyo!" Tulichelewa chakula, ugali ukapoa, samaki wakaliwa na nzi. Mwishowe tukaona kwa nini. Mimi niliona kabla ya Bo Lubinda, na nikamwonyesha, na nilisema kwa mdomo wangu, kwa lugha zote mbili, nikichanganya.

Njiani kurudi alinikalisha karibu naye garini. Nikamwambia, "Siri niliitoa mimi. Si Likezo." Tukapita mashamba ya mikorosho. Akasema, "Najua. Tangu leo." Halafu akasema, "Mwambie ndugu yako wa kitambaa cha bluu namsalimu." Sasa sijui amejuaje, na sijui ile salamu ni salamu au ni kitu kingine. Likezo amerudishwa dawati lake. Bado wanamwita Redio, lakini sasa amelipenda.

Swali langu ni hili, na usinijibu ng'ombe wala korosho. Ule mkono wako. Ulikuwa unamcheka Bo Lubinda, unamwonyesha kwamba unajua ujanja wake? Ulikuwa unanisaidia mimi? Au kweli hujui?

Nasilele


Kalabo, 15 Oktoba 2012

Mwanangu Nasilele,

Bibi hajambo, mguu umepungua, anakusalimu.

Kweli sijui. Nilifundishwa kugeuza nikageuza, nikawafundisha watoto wa watu kugeuza, na watoto wa wale watoto. Mkono ulipanda kabla sijaamua. Nilipoona wenzako wanavuta pumzi ndipo nikakumbuka maana yake kwenu, nikaona aibu, halafu nikaona nimeshauinua, niuache.

Afisa alikuja wiki iliyopita kunitazama. Nilidhani amekuja na barua ya chumba cha vitabu. Alikaa nyuma, somo likaisha, akabaki. Akaniuliza, "Siku ile ulikuwa unamaanisha nini na ule mkono?" Nikamwambia, "Kwamba sijui, bwana." Akakunja koti lake, akasema, "Mimi nilidhani ni mimi peke yangu." Akaenda zake. Hakuandika kitu. Sijui kama nimepona au ameahirisha. Bado niko darasani.

Lori lile lilinikosesha sehemu muhimu. Robo tatu, moja ya nane, na kwa nini ya pili ndiyo igeuzwe. Niandikie, wewe mwenyewe, si kwa kumnukuu mwalimu. Andika polepole, chora na hiyo miwa na samaki. Kesho kutwa boti la posta linakuja huko, na mwezi ujao ninalo somo hilo hilo darasani kwangu. Nimewaambia watoto kwamba namsubiri mtu anifundishe kwanza. Waliuliza ni nani. Nimewaambia yuko Senanga, anakaa dirishani.

Mkono wangu bado uko juu.

Mama Mdogo